Pua ya Fundi wa Matangi

Nianze na pua yake, maana yeye mwenyewe angetaka nianzie hapo. Ilikuwa pua pana, nyeusi kuliko uso wenyewe, na kwenye ncha ilikuwa na alama ndogo ya kuungua, mahali cheche ilipomrukia akiwa kijana. Aliibeba kama wengine wanavyobeba saa ya dhahabu. Mkikutana asubuhi hakukuuliza umeamkaje. Alivuta pumzi, akakuambia ulikula nini jana, na kama kilipikwa na mkeo au na mwingine.

Sisi wa soko la Kegonga, hapa karibu na mpaka wa Tanzania, tulimwita Fundi, basi. Mafundi walikuwa wengi, wa viatu, wa redio, wa milango, lakini hao walikuwa na majina yao. Ukisema Fundi bila kuongeza kitu, kila mtu aligeuza shingo kutazama kibanda cha mabati kilichopakana na banda langu la uji, pale pikipiki zinapogeuzia. Yeye Mjaluo wa Kendu Bay, mimi Mkuria wa hapa hapa. Kikuria hakukijua ila matusi, na Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia samaki tu. Kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili miaka yote ile. Shule niliiacha ningali mdogo, niende kuchunga. Aliyenifundisha kupanga maneno ni yule mzee, kwa kunitukania uji kila siku.

Maana alikuwa akinitukania uji. Kila asubuhi nilimpelekea kikombe chake cha wimbi na muhogo, na kila asubuhi alikishika mbele ya ile pua kwanza kabla ya kuonja.

"Mama, huu wimbi umekaa kwenye gunia la mbolea."

"Kunywa, wewe!"

"Nakunywa, lakini nimejua."

Siku nyingine sufuria haikusuguliwa vizuri. Siku nyingine kuni zilikuwa za mkaratusi na moshi umeingia. Siku nyingine alisema nimekoroga nikiwa na hasira. Hakuna siku alisema uji ni mzuri. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kazi yake ilikuwa matangi ya pikipiki. Hizi pikipiki zinazoletwa huku, tangi lake limetengenezwa na mtu ambaye maisha yake yote ameishi karibu na kituo cha mafuta. Mdomo ni mdogo kama wa chupa ya dawa, tena umelala katikati. Huku kwetu ukishapita soko, petroli unauziwa na mama mmoja aliyeipanga kwenye chupa za soda juu ya stuli. Unamimina, nusu inaingia, nusu inakuteremkia mapajani, na safari yote unajikuna kama mbwa. Na hiyo nusu iliyoingia haifiki mbali, maana vilima vyetu vinakunywa mafuta.

Basi Fundi alikata ule mdomo mdogo akaweka mpana, umeinua shingo na kuinama kidogo upande, ukubwa wa kikombe cha bati. Hata mtu anayetetemeka kwa malaria angemimina asimwage tone. Halafu chini, huku na huku, aliliongezea tangi tumbo la kubeba mafuta zaidi. Vijana wa boda waliliita kitambi.

"Fundi, niwekee kitambi."

"Kitambi kinafanyiwa kazi, kijana. Kaa kwenye laini."

Lile la kwanza kabisa alilitia tumbo upande mmoja tu. Mwenyewe alisema ni muundo mpya. Pikipiki ikatoka pale imeinama kama mtu anayenong'onezwa siri, na mwenye pikipiki alilazimika kupakia abiria wanene upande wa pili ili aende sawa. Fundi alikaa akiitazama ikipotea, akasema, "Nitaongeza na huku." Makosa alikuwa nayo, lakini kukiri hakukiri. Alikuwa na majivuno ya kutosha kijiji kizima. Alifanya kazi amevaa tai, ncha yake ameichomeka kati ya vifungo vya shati isiguse moto, na ukimwuliza kwa nini fundi wa vyuma anavaa tai, alikuuliza wewe kwa nini muuza uji unavaa hereni.

Jambo ambalo wageni hawakulielewa ni kutikisa. Tangi lililokuwa na petroli huwezi kulipeleka kwenye moto hivi hivi, litakupeleka wewe kwa Mungu. Lazima lioshwe. Yeye alitia maji, sabuni ya unga na konzi za kokoto, akaziba mdomo kwa kitambaa, kisha akampa mwenye tangi atikise. Mwenye tangi mwenyewe. Hakukubali umtume mtu. Alisema kama hujatoka jasho juu ya tangi lako utakuja kulaumu weldi. Kokoto zikalia ndani, cha-cha-cha, na mtu hawezi kutikisa kitu kinacholia hivyo na makalio yakatulia. Soko zima lilijua kumeletwa tangi kwa kusikia tu. Wanawake waliacha nyanya wakaja kutazama mabwana wakubwa wakicheza. Nimemwona mzee wa kanisa letu akitikisa, macho ameyafumba. Nimemwona askari aliyekuja amekunja uso, akitaka kujua haya matangi makubwa ni ya kuvusha nini mpakani. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho akamwuliza, "Na wewe afande, petroli yako inakuishia wapi?" Askari akafikiri. Wiki iliyofuata alikuwa pale na tangi lake mikononi, kofia ameiweka kwenye meza yangu, anatikisa, na mama mmoja anampigia vigelegele.

Baada ya kutikisa, lilimwagwa, likaanikwa juani, likaoshwa tena. Ndipo ilipokuja zamu ya pua. Fundi aliinamisha uso kwenye mdomo wa tangi, akafumba macho, akavuta polepole. Watu walinyamaza kama kanisani. Kama kulikuwa na petroli imejificha kwenye kona, kwenye mshono, chini ya kutu, alitikisa kichwa: "Bado iko." Likaoshwa upya. Likiwa safi alisema neno moja, "Twende," akalijaza maji mpaka karibu na pale atakapochomelea, akavaa miwani. Niliwahi kumwuliza, maji si yanatosha, pua ya nini? Akaniambia maji yanafika yanapofika, na petroli inakaa pale ambapo hayakufika. Hakuwahi kulipuliwa hata na moja. Mafundi wengine Migori walikuwa wamekosa nyusi. Yeye nyusi zake zilikuwa kama brashi za kusugulia sakafu.

Kifuniko nacho alikitoboa tundu dogo, dogo kabisa, kwa msumari mwembamba. Alimwambia kila mtu, tangi linapumua, usizibe. Sasa yule mzee wa kanisa letu aliona tundu, akaona Fundi amemfanyia kazi mbovu, kifuniko kinavuja. Akafanya tunachofanya sote huku tangi likivuja: akachukua kipande cha sabuni akapaka, akaziba vizuri kabisa. Kisha akampakia bibi harusi, binti ya dada yake, ampeleke kanisani. Pikipiki ikaenda, ikakohoa, ikazima. Ikapumzika, ikawaka, ikaenda, ikazima. Wakafika hapa sokoni bibi harusi anaisukuma kwa nyuma, gauni amelifunga kiunoni. Fundi alikifungua tu kile kifuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtoto aliyetolewa kwenye maji.

"Mzee," Fundi akasema, "nikikuziba wewe pua kwa sabuni, utaimba?"

Bibi harusi alicheka mpaka akakaa chini na gauni lile jeupe. Alifika, akaolewa, na ana watoto.

Lakini huyo huyo mwenye mambo mengi ya pikipiki, kupanda hakupanda. Aliogopa. Kwenda kwao Kendu Bay alisubiri gari, hata likichelewa nusu siku, na vijana aliowatengenezea wakimpita wanamwita, "Mzee, panda nikupeleke!" Alijibu kwamba yeye ni daktari wa kuzalisha na si lazima naye azae. Na huyo huyo aliyeshika moto mchana kutwa, jiko la makaa lilimshinda kuwasha. Alikuja kwangu kuomba kaa la moto, amelishika kwa koleo, tai shingoni. Jumamosi hakufanya kazi kwa sababu ni Sabato. Siku hiyo alivaa tai nyingine, akaimba sauti ya chini peke yake ndani ya kibanda, na mabati yakaitikia. Jumapili nikiwa mimi kanisani, alipiga nyundo kwa nguvu zaidi kuliko siku zote. Nilimwambia unafanya makusudi. Akasema, "Nawapigia ngoma."

Sasa nimfikishe mjukuu wangu Robi, maana bila yeye hii habari haina mwisho.

Robi anatibu ng'ombe. Amesomea, ana cheti, na wanaume waliokuwa wakisema msichana hawezi kutia mkono ndani ya ng'ombe sasa wanamsubiri barabarani wamevua kofia. Nawaambia watu wote na sitaacha kuwaambia. Ana pikipiki yake, na kazi yake iko kule juu vilimani ambako hakuna hata mama wa chupa za soda. Siku moja aliitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, mafuta yakamwishia kwenye mwinuko wa mwisho. Alisukuma, akaacha pikipiki, akakimbia na mkoba. Alifika ndama amekwisha kufa. Alirudi kwangu, akakaa kwenye benchi, uji ukamgandia mbele. "Bibi," akaniambia, "ningefika."

Asubuhi yake alilifungua tangi, akalipeleka kwa Fundi.

Fundi alilipokea, akalitundika kwenye msumari ukutani. Likakaa. Siku ya kwanza alisema umeme hauna nguvu. Kesho yake vijiti vya weldi vimekwisha. Halafu mgongo. Halafu akasema bati la Robi ni jepesi, anafikiria. Robi akawa anaenda kwa miguu kutibu ng'ombe, na watu wakaanza kumwita daktari mwingine wa ng'ombe, wa ng'ambo ya mpaka, mwenye gari. Mimi nikatazama vizuri, nikaona si tangi la Robi peke yake. Ukuta mzima umejaa matangi, na Fundi anatengeneza majembe na bawaba. Kokoto hazijalia sokoni tangu alipopona homa moja kali iliyomlaza kabla Robi hajaleta tangi.

Nikaamua kwenda kumgombeza. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeunguza uji. Sikuunguza kidogo, mbuzi wenyewe waligeuza uso. Nikaona potelea mbali, huyu mvivu anastahili huo huo. Nikajaza kikombe, nikaingia kibandani nimejitayarisha, nikamwekea mbele.

Akakinyanyua. Akakiweka mbele ya pua kama kawaida yake. Akavuta. Akanywa.

"Leo, mama," akasema, "uji ni mzuri."

Nilimtazama. Alitabasamu kama mtoto aliyevunja kitu. Nilikuwa nimeshika kitambaa nilichopangusia taa ya mafuta, kinanuka mafuta ya taa mpaka macho yanachoma. Nikakipeleka usoni kwake.

"Na hiki?"

"Kitambaa kizuri," akasema.

"Fundi!"

Akakaa kwenye ndoo yake aliyoipindua. Akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Ile homa iliondoka nayo, mama. Nanusa, hakuna kitu. Petroli, samaki, jasho langu mwenyewe, hakuna. Kama nyumba iliyohamwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Fundi wa matangi hana pua? Watacheka mpaka Mbita." Akaonyesha ukuta kwa kidole. "Na siwezi kuchomelea kitu nisichokijua. Hilo la Robi nimelishusha mara ngapi, nimeliosha mwenyewe, nimevaa miwani. Mkono unakataa. Nikifunga kazi naenda wapi? Mimi bila haya matangi ni mzee mwenye tai tu."

Kama angekuwa mtu wa kulia ningejua la kumfanyia. Lakini alikaa anaipangusa ile pua kwa ncha ya tai, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Nikakasirika. Mimi nikihurumia huwa nakasirika.

"Pua haiko moja sokoni," nikamwambia. "Mimi nina yangu. Imewaweka watoto saba hai kwa kunusa maziwa yaliyoharibika. Shusha hilo tangi."

"Mama, hii si maziwa."

"Nimesema shusha."

Nikampigia Robi simu, akaja mbio. Maji, sabuni ya unga, kokoto. Alipoanza kutikisa, soko likainua kichwa. Mtu akapiga kelele, "Fundi amerudi!" na wanawake wakaja wanakimbia, wengine na visu vya sukuma wiki mkononi. Robi alitikisa kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo, na mimi nikacheza kidogo, kwa nini nisicheze, ni mjukuu wangu. Tukamwaga, tukaanika, tukaosha tena. Fundi akaliweka kwenye meza, akanitazama. Watu walidhani amenipa heshima tu.

Nikainama. Nikavuta.

"Bado iko," nikasema.

Tukaosha. Nikainama tena. Kulikuwa na kitu, mbali, kama mtu aliyepita na kuacha mlango wazi.

"Bado."

"Mama," Fundi akaninong'oneza, "unanusa au unasali?"

"Nyamaza. Osha."

Mara iliyofuata nilivuta mpaka mbavu zikauma. Kutu. Sabuni. Maji ya mvua. Basi.

"Twende," nikasema.

Akalijaza maji, akavaa miwani, akachukua kishikio cha weldi. Kisha akanigeukia. "Kaa nyuma ya ukuta, mama. Na Robi naye."

Robi nilimsukuma nyuma ya ukuta. Mimi nikabaki.

"Toka hapo!"

"Kama mimi siiamini pua yangu, wewe utaiaminije?"

Alinitazama kupitia vile vioo vyeusi vya miwani. Nikaweka kiganja changu mgongoni mwake, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Akagusisha. Cheche zikaruka, nikafumba macho, nikasubiri kwenda kuwaona wazazi wangu. Nilichosikia ni maji yakichemka kidogo ndani ya tangi, kama sufuria inayokaribia kutokota. Na halafu, chini ya miwani, sauti nene ikaanza kuimba wimbo wa Sabato, siku ya Jumatano.

Jioni ile Robi alipanda vilimani na tangi lenye mdomo wa kikombe na matumbo mawili, na tangu hapo hajaacha pikipiki njiani. Ndama waliozaliwa kwa mikono yake wamejaa kule, baadhi wameitwa Bibi kwa heshima yangu. Matangi ya ukutani yalishuka moja baada ya jingine. Mimi nikawa nauza uji na kunusa. Watu walipojua, hawakucheka alivyoogopa, walicheka vingine. Walisema Fundi amepanua karakana, ameajiri pua. Alichukia sana jinsi nilivyopata umaarufu. "Wewe unanusa tu," alikuwa akiniambia, "anayefanya kazi ni mimi." Uji aliendelea kunywa, na kila siku alisema ni mzuri. Sikupenda. Nilikuwa naupika kwa bidii zaidi, nikitumaini atapata la kusema.

Magoti yalipomshinda alirudi kwao Kendu Bay. Alisubiri gari, bila shaka.

Mwaka huu Robi aliniambia, "Bibi, twende tukamwone." Nikaamka kupika uji wa kumpelekea kwenye chupa ya chai. Robi akapiga honi nje, nikaharakisha, nikafunika, nikajifunga leso, nikapanda nyuma. Tulijaza tangi Kegonga. Migori mjini vijana wa kituo cha mafuta walitupungia mkono tusimame, nikawapungia wa kwaheri. Homa Bay upepo wa ziwa ulitupiga usoni na harufu ya omena, dagaa wa huko, walioanikwa, na nikamwonea uchungu, mtu aliyeweza kukwambia samaki katoka ghuba gani kwa kunusa mkono wako. Tulifika Kendu Bay bila kuongeza tone.

Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, amevaa tai. Hakunisalimu. Alilisalimu tangi. Aliinuka kwa fimbo, akaligonga tumbo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Bado lina mafuta ya kuwarudisha," akasema. "Nani alichomelea hii?"

"Mzee mmoja mwenye majivuno," Robi akamjibu.

"Na aliyenusa je?" nikauliza.

"Huyo simkumbuki."

Tukacheka. Nikamfungulia chupa, nikammiminia kikombe. Akakipokea, akakipeleka kwenye pua kama alivyofanya maisha yake yote, na mimi nikatazama pembeni kidogo, sikutaka kuona. Nikasikia anavuta pumzi. Nikasikia anavuta tena.

"Mama," akasema polepole, "huu umeungua chini."

Nilimgeukia. Nyusi zake zilikuwa zimepanda juu, macho yamejaa maji, na amekishikilia kikombe kwa mikono miwili.

"Umeungua," akarudia, anacheka sasa, "na kuni ni za mkaratusi!"

Nilimtukana kwa Kikuria, na alielewa kila neno.